Sanamu Iliyofichwa na Sanamu Iliyoachwa Wazi

Msomaji wa Mboko ana haki ya kuuliza: Kannon wa Japani anatuhusu nini sisi watu wa ziwa na ndagala? Jibu la haraka ni kwamba, kwa masimulizi ya Tokyo, waliompata ni wavuvi. Mwaka 628 ndugu wawili walitupa nyavu katika mto Sumida wakavua sanamu ndogo ya Kannon. Waliitupa majini, ikarudi wavuni. Hekalu la Sensoji, pale Asakusa, linasimama juu ya simulizi hilo.

Asili ya Kannon ni India, alikoitwa Avalokiteshvara, tena akiwa mwanamume. Ni bodhisattva, yaani aliyeufikia ukingo wa ukombozi akakataa kuvuka peke yake. China ilimpokea ikamgeuza polepole, hata kufikia enzi ya Song akawa anachongwa kama mwanamke, Guanyin. Watibeti wanaamini kwamba Dalai Lama ndiye yeye katika mwili wa binadamu. Husimuliwa kwamba aliyatazama mateso ya viumbe, akaona hayaishi, kichwa kikampasuka. Buddha Amitabha akaviokota vipande, akamfanyia vichwa kumi na kimoja. Akaongezewa mikono elfu, na katika kila kiganja jicho.

Hapo mtu aliyekulia karibu na wazee wa bwami, chama cha mafunzo, lazima ashtuke. Majirani zetu Walega wa Mwenga na Shabunda wanaye Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi: kijisanamu cha mti au pembe ya ndovu, mwili mmoja, nyuso zikitazama kila upande. Nasi Wabembe tuna kinyago cha alunga, uso mbele na uso nyuma, mashimo ya macho mapana yamepakwa weupe, juu manyoya na miiba ya nungu.

Tusikimbilie kusema wamezaliwa tumbo moja. Sakimatwematwe anaona pande zote ili ahukumu kwa busara bila kupendelea; ni mfano wa mzee aliyekomaa, wala hasikilizi kilio cha mtu. Kannon anaona ili aokoe. Kwangu tofauti hiyo ina uzito kuliko kufanana kwa vichwa, na makala nyingi za kulinganisha dini huiruka.

Linaloniuma ni jingine. Sanamu kuu ya Sensoji haionyeshwi kwa umma, lakini watu humiminika kuinama mbele ya pazia. Zetu ziko wazi kwenye kabati za vioo, katika makumbusho ya Tervuren na kwingineko, wala hakuna anayeinama. Serikali ya kikoloni iliipiga bwami marufuku mwaka 1948. Vifaa vikahamia kwa wakusanyaji, maneno yakabaki vinywani mwa wazee. Mtafiti Daniel Biebuyck aliandika mengi ya maneno hayo, na tunamshukuru, ila kitabu hakichezi. Kijisanamu cha bwami kilitolewa kwa wimbo na methali, mbele ya mwanafunzi aliyelipia mafunzo yake. Ukikiondoa hapo unabaki na mti uliochongwa vizuri.

Ndiyo maana jalada la toleo hili halina picha ya alunga. Baadhi yetu waliitaka, na picha za makumbusho si ngumu kupata. Nafasi hiyo tumewapa wazee waliokubali kusema wanachoruhusiwa kusema. Waliokataa hatukuwabembeleza.