Msimseme Bi Harusi Hana Mkono, Unga Ndio Uliobadilishwa



Leo tumekuja na la moyoni, na mtuwie radhi kama litawachoma baadhi yenu. Tumechoka kusikia neno "hana mkono".

Sisi ni watu wa visiwani tulioolewa huku Dar, wengine Mbagala na Tandika, wengine Magomeni na Mwananyamala. Ramadhani iliyopita tulialikwa futari nyumba moja huko Temeke. Bi harusi alikuwa na wiki sita tu tangu aingie nyumba ile, na alipika mkate wa kumimina, wa kwanza mbele ya wakwe zake. Ulitoka mzito, unavutika kama ulimbo, matundu hakuna. Wifi yake akasema mbele ya wageni wote: "Huyu Mungu hakumpa mkono." Mtoto wa watu akaenda kulia jikoni.

Tukamfuata. Tukamwuliza, mwanetu, umetia nini? Akatutolea simu. Pishi alilotumiwa na shoga yake lilisema: kama huna mchele wa kuroweka, tumia unga wa ngano, ni sawa tu. Kama huna nazi, tumia maziwa ya ng'ombe, ni sawa tu.

Jamani, si sawa. Anayemwambia msichana mwenye wiki sita ndoani kwamba ni sawa anamtia kwenye aibu ambayo haikuwa yake.

Tuanze na unga. Ngano ina protini ambazo zikipata maji na kukorogwa hushikana zikawa nyuzi zinazovutika. Hiyo ndiyo gluteni, na ndiyo inayofanya chapati ikunjike bila kukatika. Mchele hauna kitu hicho. Mkate wa kumimina unalainika kwa sababu mchele umelala kwenye maji usiku kucha, umesagwa laini na tui, umeumuka kwa hamira, na hewa imepata njia ya kupanda juu ikaacha matundu. Tia ngano kwa kipimo kile kile, ikoroge kwa nguvu kama ulivyozoea kukoroga mchele, na kadiri unavyokoroga ndivyo unavyozidi kuikaza. Hapo kosa ni la mkono wa nani?

Hata unga wa mchele wa pakiti haufanani na mchele ulioroweka mwenyewe. Umesagwa ukiwa mkavu, chembe zake ni ngumu, na ukiukaanga papo hapo vitumbua vinakwaruza ulimi kama mchanga. Dawa yake ni rahisi: uroweke kwenye tui la vuguvugu kwa saa kadhaa, au uulaze kwenye friji hadi asubuhi, ndipo utie hamira. Ni sentensi moja tu hiyo, lakini kwenye mapishi mengi yanayozunguka kwenye simu huikuti.

Na nazi nayo. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 3 hadi 4. Tui zito la nazi lina mafuta mara kadhaa ya hayo, na ndiyo yanayofanya kitumbua kibaki laini hata kikipoa. Ukitia maziwa, kikiwa cha moto utajidanganya kimetoka vizuri. Kikilala hadi asubuhi utakijua.

Sasa njooni kwenye vileja, maana hapa ndipo hela za harusi zinapoliwa. Kileja ni unga wa mchele, samli, sukari, iliki na yai. Kikiingia mdomoni kinasambaratika chenyewe, huna haja ya meno. Samli ni mafuta karibu matupu. Majarini ya kopo, hata iliyo nzuri, ina maji ndani yake, asilimia 16 au zaidi. Ukibadilisha gramu kwa gramu umepunguza mafuta na umeongeza maji kwa wakati mmoja. Ukichanganya na ngano nusu ili upunguze gharama, maji yale yanakutana na ngano, gluteni inaamka, na kileja kinageuka biskuti ya kuchovya kwenye chai.

Tuliwahi kuagiza vileja vya shughuli kwa fundi mmoja huku Kinondoni. Tulilipa bei ya samli. Siku ya shughuli bibi yake bwana harusi alikiuma kimoja, akakirudisha kwenye sahani, akatutazama sisi upande wa bi harusi bila kusema neno. Tulipomwuliza fundi, alijibu kwamba samli imepanda, akaona atusaidie kwa kutia majarini na ngano kidogo. Kutusaidia! Bei haikushuka hata shilingi.

Hapa tuzungumze kama Waislamu. Mnakijua kisa kilichopokewa na Abu Huraira na kuandikwa katika Sahih Muslim, cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka. Aliingiza mkono ndani yake, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyea. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha akatahadharisha kwamba anayeghushi si katika sisi. Tazameni vizuri kosa lilikuwa wapi. Nafaka iliyolowa ingeweza kuuzwa, kwa bei yake, kwa mtu anayejua. Kosa lilikuwa kuificha chini. Majarini iliyofichwa nyuma ya jina la samli ni unyevu ule ule, na aliyeugundua safari hii ni bibi wa watu kwa meno yake.

Tena madhara yake hayaishii kwenye ulaini. Poda nyingi za tui huchanganywa na protini ya maziwa. Mgeni ambaye mwili wake haukubali maziwa anakula kitumbua kwa amani, akijua ni nazi na mchele, kumbe umemlisha kinachomdhuru. Kwa huyo kunyamaza kwako si jambo dogo.

Tunajua mtatujibu kwamba maisha ni magumu. Tunajua, maana na sisi tunapanga bei kwenye soko hilo hilo la Tandika na la Tandale. Hatujasema kubadilisha ni haramu. Bibi zetu walibadilisha kila siku, lakini walisema, "Leo hakuna nazi, hivi ni vya maziwa, vileni vikiwa vya moto." Na walipobadilisha kitu walibadilisha na upishi wake.

Chukua maandazi. Hamira inatoa hewa polepole, unga unapata muda wa kutanuka, na andazi linakuwa na uwazi ndani na linavutika likikatwa. Beking pauda inaanza kazi mara tu inapolowa, na inaendelea ikipata moto. Kwa hiyo ukikosa hamira usiukande sana unga huo wala usiuache saa mbili ukisubiri uumuke. Kata, kaanga mara moja, na umwambie mlaji kwamba atakutana na kitu kinachomeguka kama keki. Ni kitamu kwa jina lake. Ukikiita andazi la hamira ndipo unapoharibu.

Na kuna kubadilisha ambako sisi tunakuhimiza. Jelatini nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe, na pakiti mara nyingi haisemi ni yupi wala alichinjwaje. Chaina grasi inatokana na mwani, na kwa joto la Dar ina faida nyingine: inaganda hata mezani bila friji, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ipate moto mkali. Puding ya shughuli haitamwagika saa nane mchana chini ya turubai. Lakini lazima ichemke hadi ichanganyike kabisa, maji ya vuguvugu hayatoshi. Tena haiyeyuki ulimini kama jelatini. Inakatika, inang'atika. Mwambie bi harusi mapema ili asitegemee kitu kingine.

Kwa hiyo tunasema wazi. Wewe unayesambaza mapishi, ukiandika "au tumia" malizia sentensi: kitatokaje, kipikweje tofauti. Kama hujakijaribu, usikiandike. Wewe fundi, andika juu ya boksi ulichotia na upange bei kulingana nacho. Mafundi waaminifu wapo na tunawajua, na hao kuandika hakuwapi shida. Wewe bi harusi unayeagiza, uliza kabla ya kulipa: samli au majarini, mchele au ngano, nazi ya kukuna au poda? Uliza kwa adabu, na uombe kuonja kimoja kilicholala usiku.

Na nyinyi mama wakwe na mawifi, tunawaheshimu. Siku mkwe atakapoleta mkate uliokaza, mwiteni pembeni mumwulize, "Mwanangu, umetumia unga gani?" Yule wa Temeke tulimrowekea mchele usiku ule ule, tukamkunia nazi mbili. Futari iliyofuata matundu yalijaa mkate mzima, na wifi mtu aliomba kipande cha pili. Hakumtaka radhi mpaka leo, na tunajua anasoma hapa.

Wabillahi tawfiq.