Fungueni mapazia ya basi

Ndugu Mhariri,

Juzi nilipanda basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya. Kilomita 50 hivi za Hifadhi ya Mikumi, ambako twiga husimama kando ya lami, tulizipita mapazia yakiwa yamefungwa ili filamu ionekane vizuri. Mibuyu ya bonde linalofuata nayo ikapita hivyo hivyo. Ruaha Mbuyuni nilifungua dirisha kununua vitunguu, joto likanipiga usoni. Tulipomaliza kupanda mlima Kitonga, sisi sisi tuliokuwa tukijipepea tukaanza kusaka masweta. Mafinga ni mipaina mitupu, utadhani umevuka mpaka. Filamu yenyewe (ya ngumi, tena ikarudiwa) tungeiona nyumbani. Wenye mabasi, tuacheni tuione nchi.

Msomaji,
Mbeya