Tusimvue Tuliyemvika



Kila Jumatano ya Majivu tunasomewa Injili ya Mathayo, sura ya sita, ambamo Bwana anatuonya tusitangulize baragumu mbele ya sadaka zetu. Wiki chache baadaye, Kwaresima haijaisha, simu zetu zinajaa picha: mfuko wa unga na dumu la mafuta ya kupikia, watoaji watano wameushika mfuko kwa pamoja huku wakitabasamu, na katikati yao bibi mzee asiyejua aangalie wapi. Baragumu la siku hizi lina kamera.

Sisemi kwamba kamera ni dhambi. Mpiga picha anayelifuata tukio lilivyo, bila kuwapanga watu, anaitunzia jumuiya kumbukumbu yake: ujenzi wa kanisa, Kipaimara, jubilei, akina mama wa WAWATA wakipika kwa ajili ya sherehe ya somo wa parokia. Hoja yangu ni kuhusu mahali pamoja tu, pale mtu anapopokea msaada. Picha isiyomsitiri mtu huyo inaharibu msaada wenyewe.

Kiswahili kinatusaidia kufikiri hapa. Kumsitiri mtu ni zaidi ya kumpa nguo. Marehemu akizikwa kwa heshima tunasema amesitiriwa. Wazee nao walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, kwa sababu mwosha huona yote na hasimulii. Matendo ya huruma yanatuingiza nyumbani kwa mtu, tukaona godoro lake na sufuria yake tupu. Tumepewa nafasi ya mwosha. Tukitoka na picha tukairusha kwenye makundi ya WhatsApp, tumemvua tuliyetoka kumvika.

Wengine watasema: lakini aliombwa, akakubali. Aliombwa lini? Kama mfuko wa unga uko mbele yake, wageni wamesimama na mwenyekiti wa jumuiya anamtazama, hana nafasi ya kusema hapana. Ridhaa ya mtu mwenye njaa mbele ya chakula ni ridhaa dhaifu sana. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini dhamiri inadai zaidi ya saini.

Sisi wa falsafa tunamsoma Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba utu haupaswi kamwe kutumiwa kama njia tu ya kufikia lengo fulani. Tulitazame neno “tu”. Hakatazi mtu kutufaa katika jambo. Anakataza mtu kuishia hapo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni jepesi: bibi huyu yupo kwenye picha kwa faida ya nani? Kama ni kwa ajili ya taarifa yetu ya mwaka peke yake, tumemfanya chombo.

Mfano mashuhuri unatoka Marekani. Mwezi Machi 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama wa miaka 32 akiwa na watoto wake katika kambi ya wavuna njegere. Picha hiyo ilizunguka dunia, na chakula kilipelekwa kambini. Tusidharau jambo hilo. Lakini Lange hakumwuliza mama huyo jina, na chakula kilipofika familia ilikwisha kuondoka. Lange aliandika kwamba walikuwa wameuza matairi ya gari lao ili wapate chakula. Familia ilikuja kukanusha. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana hadharani mwaka 1978, naye akalalamika kwamba picha ile haikumletea faida yoyote. Kwa zaidi ya miaka 40 ulimwengu ulijua uso wake bila kumjua yeye.

Najua pia hoja ya wafadhili. Aliyetoa fedha ana haki ya kujua zimekwenda wapi. Ni kweli, lakini uthibitisho wa fedha ni risiti, hesabu zilizokaguliwa na orodha ya vitu iliyosainiwa na kutunzwa ofisini kwa paroko. Uso wa yatima hauthibitishi hesabu yoyote.

Basi tufanye nini? Kwanza, ruhusa iombwe siku nyingine, kabla ya msaada, na aombe mtu ambaye mhusika anaweza kumkatalia bila hofu. Pili, watoto na wagonjwa wasipigwe picha wakipokea, hata kama walezi wamekubali. Tatu, kamera igeukie kazi: vijana wakipakua magunia, mikono ikichambua maharage. Nne, anayepigwa picha aletewe nakala iliyosafishwa. Picha ambayo yeye mwenyewe angeitundika ukutani kwake, mbele ya wakwe na majirani, hiyo ndiyo picha njema. Nyingine zifutwe.

Tukumbuke pia kwamba Injili inatuonyesha mjane maskini akiwa hekaluni, na Bwana akiwaita wanafunzi wake wamtazame. Anaonyeshwa akitoa. Katika jumuiya zetu maskini hutoa kila siku: hukesha msibani, huteka maji ya harusi, humlea mtoto wa jirani. Picha hizo ni chache mno kwetu.

Ndugu zangu mafrateri, neno hili linatuhusu kwa namna ya pekee. Mungu akipenda, watu hawa watakuja kupiga magoti mbele yetu katika kitubio na kutukabidhi siri ambazo hatutaruhusiwa kuzitoa hata kwa kufa. Kutunza siri hakuanzi siku ya upadrisho. Mtu anaweza kuanza kujifunza Jumamosi hii ya utume, akiwa na simu mkononi, kwa kuiacha mfukoni.