Mbuzi Anunuliwe Angali na Bei

Mwaka 2011, mchango wa Wakenya kwa Wakenya ulipozinduliwa kusaidia walioathiriwa na ukame, lengo lilikuwa kukusanya shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Lengo hilo lilipitwa. Aliyekuwa na shilingi 10 alizituma kwa simu, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya likapeleka chakula Turkana na maeneo mengine yaliyokaukiwa.

Taifa lilijivunia, na lilistahili. Lakini tahadhari ya ukame ule ilitolewa tangu Agosti 2010. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai 2011, na mchango wa Kenya ukaanza siku chache baadaye. Karibu mwaka mzima ulipita, mpaka picha za mizoga na watoto waliokonda zilipofika kwenye televisheni.

Jumuiya za Wakenya walio ughaibuni nazo zina desturi hiyo hiyo ya kungoja msiba. Si watu wa mkono wa birika: mwaka 2023 fedha walizotuma nyumbani zilizidi dola bilioni 4. Mmoja wao akifiwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa siku hiyo hiyo, na gharama za kusafirisha mwili hupatikana. Mfuko hufunguka kilio kikishasikika.

Mfugaji wa Marsabit anaijua hasara ya kusubiri. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Ng'ombe hafi kwa siku moja. Maziwa hukatika kwanza, mbavu zikaanza kuhesabika, na kila siku ya soko mnunuzi anashusha bei. Hatimaye mnyama hawezi tena kutembea hadi sokoni, na hapo hana bei kabisa. Msalaba Mwekundu umewahi kuingia kabla ya siku hiyo: ukanunua mifugo iliyodhoofika, ikachinjwa, nyama ikagawiwa familia zenye njaa. Mwenye mbuzi akapata pesa za unga, jirani akapata kitoweo, na malisho yaliyosalia yakabaki kwa wanyama wenye nguvu. Mpango kama huo hauna kazi tena ikiwa fedha zitafika baada ya mbuzi kufa.

Mafuriko hayangoji hata wiki moja. Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yalishuka usiku watu wakiwa wamelala, yakaua makumi. Mwokoaji wa usiku kama ule lazima awe amefunzwa zamani na gari lake liwe na mafuta tayari.

Wapo wanaopendelea kutuma nguo. Nia ni njema, ila kontena hukaa baharini wiki nyingi, kisha hungoja bandarini Mombasa. Pesa hufika haraka, na zikinunua unga Lodwar humpa riziki hata mwenye duka wa Lodwar.

Anayesita kwa sababu amewahi kuona michango ikiliwa ana haki ya kuuliza. Msalaba Mwekundu wa Kenya si chama cha mfukoni: uliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Viongozi wa jumuiya na waombe hesabu zilizokaguliwa, wazisome mbele ya wanachama. Wakiridhika, jarida hili linapendekeza kila nyumba itume dola 5 kwa mwezi kwa Msalaba Mwekundu, na makato yaanze kabla ya mvua za vuli, bila kungoja habari za kama zimenyesha au zimekataa.