MSUSI NA KAZI YA PICHA: JINA LIANDIKWE, UJIRA ULIPWE

Wanachama wengi, hasa wasusi wa Umoja, Kayole na Buruburu, wametuuliza kama ni kweli kwamba kazi ya kutengeneza nywele za wanamitindo, kwa ajili ya magazeti, matangazo na maonyesho ya mavazi, yaweza kumlisha mtu. Jibu letu ni kwamba yaweza, lakini kwa sharti, na sharti hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo.

Kwanza tuondoe fikira moja isiyofaa. Wako wanachama, na wengine ni wazee wetu wa kamati, wasemao kuwa kazi hiyo ni ya watu wa Westlands na Kilimani, na kwamba msusi wa Eastlands akijaribu atachekwa. Hatukubali hata kidogo. Msusi aliyefanya kazi miaka kumi Jericho au Dandora ameshika vichwa vya kila namna, nywele ngumu na laini, za mtoto anayelia na za bibi arusi aliyechelewa. Ajua matuta, kusuka kwa uzi, rasta, kushonea na mawigi. Kinachokosekana si ufundi. Kinachokosekana ni ushahidi wa ufundi huo, na ujasiri wa kutaja bei.

Ushahidi ni picha. Cheti cha mtihani wa NITA ni kitu chema, nasi twawahimiza wote wakitafute, lakini mpiga picha hataanza kwa kuuliza cheti. Atasema, nionyeshe kazi yako. Picha ya simu iliyopigwa saluni, taulo begani na watu wamepita nyuma, haitoshi. Njia iliyozoeleka ni picha za majaribio: mpiga picha, mwanamitindo, fundi wa mavazi, mpaka vipodozi na msusi hukutana siku moja, hakuna amlipaye mwenzake, na kila mmoja huondoka na picha za kuonyesha. Mpango huo ni wa haki maadamu wote wanafaidika sawa. Lakini mkiona mmoja kati yao analipwa, au kuna bidhaa ya kampuni inayotangazwa, basi hayo si majaribio tena. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Tena majaribio yafanywe Jumatatu au Jumanne wakati viti ni vitupu, si Jumamosi. Picha kumi au kumi na mbili zenye misuko mbalimbali zatosha. Thelathini za msuko mmoja zachosha macho.

Kazi yenyewe si kama ya saluni. Saluni unamridhisha mama aliye mbele ya kioo. Huko unairidhisha kamera, nayo huona pini, ukingo wa wigi, na unywele mmoja uliosimama ambao jicho letu halikuujali. Kwa hiyo msusi hakai pembeni akisoma simu. Husimama karibu na mpiga picha, chanuo mkononi, akirekebisha kati ya picha moja na nyingine mpaka mwisho wa siku. Hayo hujifunzwa vizuri kwa kumsaidia msusi ambaye keshaingia. Na huyo msaidizi naye alipwe, hata ikiwa ni kidogo. Tumesikia wanachama wetu wenyewe wakiwanyonya wasaidizi wao, nasi twasema waziwazi kuwa hilo ni aibu.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma. Mwanachama mmoja wa Makadara aliitwa kwenda kutengeneza nywele za wasichana wanne kwa picha za tangazo. Alifika kabla ya jua kuchomoza, akatoka usiku. Alipouliza malipo aliambiwa kwamba atajulikana. Alipewa soda na chapati. Ndugu, msusi wetu halipwi mshahara wa mwezi. Wengi hulipwa sehemu ya fedha ya kila kichwa. Siku ile alipoteza wateja wake wote, akalipa nauli mwenyewe, na nywele za kuongezea alizinunua kwa fedha zake. Picha zilipotoka, jina la mpiga picha lilikuwapo, la mwenye nguo lilikuwapo, lake halikuwapo. Basi huko kujulikana kuko wapi?

Wala jambo hili si la Nairobi peke yake. Mpiga picha wa Nigeria, J.D. 'Okhai Ojeikere, alianza mwaka 1968 kupiga picha za misuko ya wanawake wa kwao, akapata zaidi ya elfu moja. Ni kazi tukufu, na mwaka 2013 ilionyeshwa Venice katika maonyesho makubwa ya sanaa. Lakini tazameni maandishi ya picha zile: limetajwa jina la msuko, jina la msusi halimo. Na mwaka 2017 gazeti la Grazia la Uingereza lilipochapa picha ya Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, sehemu ya nywele zake iliondolewa na nyingine kulainishwa. Yeye alilalamika hadharani, na gazeti na mpiga picha wakaomba radhi. Alisikilizwa kwa sababu ana jina. Msusi asiye na jina atamlalamikia nani?

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haitatusaidia sana hapa, kwani kwa kawaida haki ya picha ni ya aliyeipiga au ya aliyeagiza ipigwe. Hapana budi msusi ajilinde kwa mapatano ya maandishi kabla hajagusa kichwa. Yaandikwe: ni vichwa vingapi, saa ngapi za kazi, malipo ya siku na ya saa za ziada, nani ananunua nywele, nani analipa gari la kurudi usiku, malipo yatatolewa tarehe gani, na wakiahirisha ghafula italipwa nini. Mwisho, kwamba jina la msusi litaandikwa popote majina ya wengine yatakapoandikwa, naye apewe picha za kuonyesha kazi yake. Ujumbe wa simu wenye mambo hayo, uliojibiwa "nimekubali", ni bora kuliko ahadi ya mdomo.

Wengine wanaogopa kwamba wakidai karatasi hawataitwa tena. Huenda ikawa hivyo kwa mwajiri mmoja au wawili. Lakini tukumbuke kwamba mitaa hii ndiyo yenye Ukumbi wa Kaloleni, ambamo Makhan Singh alisimama Aprili 1950 akadai uhuru mbele ya umati, akijua vema serikali itamfanya nini. Sisi twaombwa tu kutaja bei ya kusuka nywele.

Anayenyimwa malipo asidhani mahakama ni ya matajiri. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Kamati inatayarisha fomu ya mapatano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, nayo itagawiwa bure ofisini. Mwanachama ambaye amekwisha kufanya kazi na hajalipwa aje na simu yake, asifute ujumbe wowote alioandikiana na mwajiri, na alete risiti za nywele alizonunua.