Tuliyookoa Marsabit tulimlipisha mzee

Najua nimekuwa kimya wiki mbili, na wengine mlishaanza kusema nimeliwa na simba. Simba sikumwona. Nilichoona ni gari letu limezama hadi ekseli katikati ya jangwa la Chalbi, na leo nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi wenzangu tuliosafiri pamoja.

Tulikuwa wanane ndani ya Land Cruiser moja kuukuu ya kukodi, tukitoka Marsabit kwenda North Horr kupitia Maikona na Kalacha. Marsabit tulishauriwa tumchukue kijana wa Kigabra anayeijua njia. Tukapiga hesabu, tukaona pesa zake zinatosha chakula chetu cha siku mbili. Tukamwacha. Mimi pia niliinua mkono kukubali, kwa hiyo msidhani nawasema wengine tu.

Sasa, Chalbi ilikuwa ziwa maelfu ya miaka iliyopita. Juu ni chumvi na udongo mkavu, imara kama sakafu, hata unatamani kukimbiza gari. Lakini chini ya ganda hilo pengine kuna tope. Tena si lazima mvua inyeshe pale ulipo: maji huteremka kutoka mlima Marsabit na vilima vya Huri, yakatuama huku wewe unachomwa na jua. Dereva aliona alama za magurudumu zimetawanyika kila upande, akafuata zile zilizoonekana za mkato. Dakika kumi baadaye tumekwama. Kadiri alivyokanyaga mafuta ndivyo tulivyozidi kuzama.

Maji tuliyobaki nayo: mtungi mmoja wa lita 20. Watu wanane! Hiyo hesabu mbona hatukuipiga Marsabit? Simu nazo, mtandao hakuna.

Jioni akapita mzee na ngamia wake. Hakutucheka. Alituambia tuache kuchimba, tukae, akamtuma kijana wake Kalacha. Asubuhi lori likaja. Utingo alipunguza upepo wa matairi ili yakanyage kwa upana, akasukuma mbao mbili chini ya magurudumu, tukatoka polepole. Robo saa tu, yaani.

Sasa huku kantini hadithi inasimuliwa kama ushujaa. Mimi nakataa. Usiku ule tulikunywa maji ya mzee, maji aliyoyateka kisimani na kuyabebesha ngamia kwa ajili ya watu wake. Tuliyookoa Marsabit tulimlipisha yeye, na hakuwepo tulipopiga kura.

Mtaniambia mwanafunzi hana pesa. Kweli. Basi tupunguze siku, tusipunguze kiongozi wa njia. Twende magari mawili, moja likikwama lingine livute. Tubebe angalau lita tano kwa kila mtu kwa siku, na akiba juu yake. Tumwachie mtu neno: tusipofika kesho jioni, tutafuteni. Na tusifungue njia mpya kila mtu kivyake, maana alama zetu ndizo zitakazompoteza anayekuja nyuma.

Tunapaita jangwani kana kwamba hapana mtu. Pana wenyewe, na wanapajua kuliko ramani yetu.

Mwezi ujao kuna kikundi kingine kinapanga kwenda. Nitainua mkono tena, safari hii kwa ajili ya yule kijana. Anayebisha tukutane kwenye foleni ya chapati.