Kumwita Khuntha kwa Jina Alilolikataa ni Dhulma



Ndugu Waislamu, inasikitisha kuwa katika mabaraza yetu, hata kwenye vibaraza vya misikiti baada ya Alasiri, kijana aliyezaliwa khuntha, mwenye alama za kiume na za kike pamoja, amefanywa kichekesho. Alipozaliwa alipewa jina la kike; alipobaleghe akabainika kuwa mwanamume, akachukua jina la kiume. Watu wazima wenye ndevu wanashikilia lile la kwanza kwa makusudi, wapate kucheka. Kisha wanaingia kuswali!

Dalili yenu ni ipi? Mafakihi hawakuinyamazia mas-ala hii. Walitazama njia anayokojolea, kisha alama za kubaleghe. Zisipobainisha, madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu, humrejea khuntha mwenyewe aseme maumbile yake yanaelekea wapi, na kauli yake hukubaliwa. Imam an-Nawawi ameyaeleza haya katika al-Majmu'. Ikiwa kauli yake yatosha katika jambo zito kama ndoa, vipi isitoshe katika jina? Na kubadili jina si uzushi: Mtume (s.a.w.) alimwita Jamila bintiye Umar aliyekuwa akiitwa Asiya.

Kiswahili kimetupunguzia mzigo, maana "yeye" humtosha mume na mke. Lakini katika somo la Kiarabu mwalimu hana budi kuchagua anta au anti, na hapo ndipo baadhi ya walimu wenzangu humwadhiri mtoto mbele ya darasa zima.

Watasema: huu ni mlango wa wanaojibadilisha jinsia. Hata kijana ambaye mwili wake hauna utata, akaomba jina jingine, khitilafu ya wanazuoni juu yake si ruhusa ya kumzomea. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa majina ya kejeli, wala haikumvua mtu.

Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu khuntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya 2022 imewatambua. Serikali isiyohukumu kwa Sharia imewaona. Sisi tuliorithi milango mizima ya fiqhi juu yao tunawacheka!

Maimamu na walimu, andikeni katika daftari la madrasa jina alilolithibitisha kijana mwenyewe. Anayemwita jingine kwa kejeli akanywe hadharani, hata akiwa mzee wa msikiti.